Kalsiamu: Uhai na Maangamizi ya Moyo

Mwaka 1883, jijini London, tabibu Sydney Ringer alitambua kwamba moyo wa chura uliodunda vizuri katika maji ya bomba yenye chumvi ulizimika alipotumia maji yasiyo na madini mengine. Kilichokosekana ni kalsiamu. Bila hiyo moyo haujikazi.

Miaka 83 baadaye, Zimmerman na Hülsmann walikuta ajabu: moyo wa panya ulionyimwa kalsiamu kwa dakika chache, kisha ukarudishiwa, uliangamia. Tayari mwaka 1960 Robert Jennings na wenzake walikuwa wameona kwa mbwa kwamba damu ikirejea baada ya kuzuiwa, uharibifu hujitokeza kwa kasi.

Sababu yake sasa inaeleweka. Mshipa ukiziba, asidi hujaa ndani ya seli. Seli huitoa kwa kupokea sodiamu. Damu inaporudi, sodiamu hiyo hutolewa kwa kubadilishwa na kalsiamu, ambayo hufurika hadi kuharibu mitokondria. Seli hujikaza kupita kiasi, hupasuka, hufa.

Je, tuache kuuzibua mshipa? La hasha, kuchelewa huua zaidi. Mwaka 2015 jaribio kubwa la saiklosporini, dawa iliyotumainiwa kuikinga mitokondria, halikuleta nafuu. Kinga ya hakika iliyobaki mikononi mwetu ni wakati. Popote mgonjwa anapongojeshwa kwa sababu ya malipo ya awali au gari lisilo na mafuta, suala si la maabara tena. Ni la utawala.