Droni yangu ilikwama kwa mkaratusi, nikaanza kusoma historia

Wasee, wacha nianze na aibu yangu. Mwaka jana nilikuwa Iten, kwa shamba la mjomba wa rafiki yangu, mahali ambapo ukisogea kidogo tu unaona Bonde la Kerio lote limelala chini yako. Droni yenyewe ni ya mtumba, niliilipia polepole kwa miezi minne. Nikairusha, ikazunguka nyuma ya kilima kidogo chenye mikaratusi, mara picha kwenye simu ikaganda. Sikushtuka. Si ikipoteza mawasiliano inarudi yenyewe? Na kweli ilirudi. Ilipanda hadi mita 30, ikanyoosha njia moja kwa moja kuja nilipokuwa. Katikati ya hiyo njia kulikuwa na kilima, na juu ya kilima ile mikaratusi. Tulisikia sauti kama mtu anakatakata sukuma wiki kwa haraka, halafu kimya.

Mzee mwenye miti akaja, akatazama juu, akanitazama mimi.

"Kijana, hiyo ndege yako haina macho?"

"Iko nayo, mzee. Lakini yanaangalia chini."

"Na miti yangu iko chini?"

Sikuwa na jibu. Zile mita 30 nilikuwa sijawahi kuzigusa kwenye mipangilio. Na hata ningezigusa, sikujua kwamba zinahesabiwa kutoka pale droni iliporukia. Haihesabu kutoka kwa kilima, wala haijui kilima kipo. Kwangu ilikuwa hasara ya propela na mkono mmoja wa plastiki. Julai 2003, ndege ya kukodi iliyotoka Nairobi kwenda Samburu iligonga Point Lenana kwenye Mlima Kenya, watu 14 wakafa. Ilikuwa ikiruka chini kuliko mlima uliokuwa mbele yake. Niliposoma hiyo, ile hadithi yangu ya mkaratusi iliacha kunichekesha kidogo.

Hivyo ndivyo nilianza kuchimba. Nilikuwa nadhani kupiga picha za milima kutoka hewani ni kitu cha kizazi chetu. Manze, wapi! Januari 1930 rubani Mswisi, Walter Mittelholzer, aliruka juu ya Kilimanjaro na kupiga picha za kreta ya Kibo, mlima wa mita 5,895, kwa ndege ya propela ya enzi hizo. Miaka michache baadaye Wamarekani wawili, Martin na Osa Johnson, walikuja na ndege mbili zinazoweza kutua majini. Moja waliipaka mistari ya punda milia, nyingine madoa ya twiga, wakapiga filamu huku kwetu kutoka angani. (Hao wangekuwa na wafuasi wengi sana leo.) Wote wawili, Mittelholzer na Martin Johnson, walikufa 1937, na wote mlimani: mmoja akipanda mlima Austria kwa miguu, mwingine akiwa abiria kwenye ndege iliyogonga mlima California.

Lakini hadithi iliyoninyima usingizi ni ya Mlima Fuji, Japani.

Tarehe 5 Machi 1966, ndege ya abiria aina ya Boeing 707 iliondoka Tokyo kwenda Hong Kong. Siku ilikuwa safi, mlima unaonekana wote na theluji yake. Ndege ikapita karibu na Fuji, upande ambao upepo unatokea baada ya kuvuka mlima. Ikavunjika hewani. Watu wote 124 walikufa. Kwenye mabaki walipata kamera ndogo ya filamu ya abiria mmoja. Alikuwa akirekodi mlima kupitia dirishani, vile mimi na wewe tungefanya. Mlima unaonekana vizuri, kisha picha zinaruka, zinaonyesha kitu kama ndani ya ndege, halafu zinakatika. Ndege ya kijeshi ya Marekani iliyotumwa kutafuta mabaki ilirushwarushwa vibaya hapo hapo, mpaka rubani akahofia nayo itavunjika.

Hakukuwa na dhoruba wala wingu jeusi. Ulikuwa ni upepo tu. Kama umewahi kwenda Sagana kupanda zile boti za mpira, fikiria jiwe kubwa katikati ya mto. Mbele ya jiwe maji yanakuja vizuri, yanapanda, yanapita. Nyuma ya jiwe ndio noma: yanashuka kwa nguvu, yanajizungusha, yanarudi kinyume. Upepo ukivuka mlima unafanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba huuoni. Sasa kama ulivunja ndege ya zaidi ya tani 100, hiyo yako ya gramu 249 itafanya nini?

Na hapa ndipo naona sisi wa droni tuko na shida ambayo Mittelholzer hakuwa nayo. Yeye mwili wake ulikuwa ndani ya ndege. Upepo ukibadilika, tumbo lake lilijua. Sisi tumesimama kwa nyasi, hewa imetulia, tunaangalia kioo cha simu ambapo kamera inatuliza kila mtikisiko hadi vidio inatoka laini kama maziwa. Droni inapigania maisha yake huko, na wewe unaona picha tamu. Dalili unazipata kwingine: imeinama sana na haisongi, betri inaisha mbio, au umeiambia ipande na namba ya urefu inashuka.

Kwa hivyo siku hizi naruka asubuhi, kabla jua halijachoma bonde. Pale Iten hewa ya mchana hupanda ukingo kutoka Kerio, ndiyo maana watu wa parashuti za kuelea hupapenda. Naanza kwa kwenda upande upepo unakotoka, ili wakati wa kurudi unisukume nyumbani. Wengi hufanya kinyume, halafu wanashangaa droni inakuja kwa mwendo wa konokono na betri imebaki asilimia 12. Na sizungushi tena kitu nyuma ya kilima nisichokiona. Chini ya miti ni mbaya zaidi: majani yanafunika GPS, na hata droni zenye macho pande zote huona shina lakini hukosa kijitawi chembamba au waya wa stima. Kurudi nyuma kinyumenyume kati ya miti ndiyo klipu tamu zaidi na ndiyo inaua droni nyingi, buda.

Kuna watu wamewahi kwenda mbali zaidi na wakafanikiwa. Julai 2018 kule Pakistani, mpandaji Mskoti, Rick Allen, alipotea kwenye Broad Peak, mlima wa mita 8,051. Ilidhaniwa amekufa. Bartek Bargiel, Mpoland, alikuwa kule kumrekodi kaka yake aliyepanga kushuka K2 kwa ski. Akarusha Mavic Pro yake, akamwona Allen yuko hai, waokoaji wakaelekezwa hadi walipomfikia. Mtengenezaji alikuwa ameandika kwamba hiyo droni mwisho wake ni mita 5,000. Lakini usichukue hiyo kama ruhusa. Hewa ikiwa nyembamba propela hukosa kitu cha kushika, na baridi hula betri. Droni nyingi ndogo zimeandikwa mita 4,000, na Lenana iko mita 4,985. Pia hiyo ni mbuga ya taifa: bila kibali cha KWS, usijaribu. Na KCAA nao wanataka usajili, na usizidi futi 400 kutoka ardhini.

Desemba nilirudi Iten na droni iliyotengenezwa. Nikasimama juu ya kilima chenyewe, siyo chini yake. Kwanza nilimuuliza mzee miti yake ina urefu gani. Akasema hajui, lakini aliipanda mwaka ambao mtoto wake wa kwanza alizaliwa, na huyo mtoto sasa ana watoto. Nikaseti mita 90. Ilipotulia hewani aliomba kuona kwenye simu, akainama karibu kabisa na kioo, akaanza kuhesabu mikaratusi yake mmoja mmoja kwa kidole. Alipofika ule mmoja uliovunjika tawi, akaruka namba.