Pamba ya Bariadi na Ushuru wa Mitumba

Bariadi, msimu wa pamba, huona malori yakisomba marobota ya pamba iliyochambuliwa kwenda ng'ambo. Gulioni, marobota ya mitumba yanafunguliwa. Zamani Mwatex ya Mwanza ilisokota pamba hiyohiyo. Mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, ikapandisha ushuru wake. Mwaka 2017 wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika, na unafuu wetu wa AGOA ukawekwa rehani. Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda ikang'ang'ania, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa unafuu huo. Sikubali kwamba tulishindwa kwa hoja: Marekani hiyohiyo huwapa wakulima wake wa pamba ruzuku, ambayo Brazil iliishtaki katika Shirika la Biashara Duniani, ikashinda.