Shilingi ya Kasindi

Uingereza iliiaga shilingi tarehe 15 Februari 1971, pesa ambayo ilikuwa sawa na peni 12, na 20 zake zilifanya pauni moja. Huku Vulamba, mjini Butembo, shilingi bado inahesabiwa, ila ni ya Uganda.

Inapitia Kasindi, upande wa Kongo, inayopakana na Mpondwe ya Uganda. Hapo wabadili feza hushika noti za shilingi pamoja na faranga na dola, maana mfanyabiashara wa Butembo au Beni anayevuka kununua mali hawezi kuikwepa.

Tazama iliyoitangulia hiyo ya Uganda, shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza 1921: simba, na milima nyuma yake. Iligawanywa kwa senti 100, peni hazikufika. Senti 10 ina tundu katikati na pembe za ndovu kandokando. Tundu hilo lilifaa sana: sarafu zilitungwa kwenye kamba.