Seli Zilizopewa Jina Baya

Wasee, ya leo si mzaha. Shangazi yangu wa hapa Ekero, senje, amepandikizwa kiinitete Nairobi mara tatu. Mara zote tatu hakikushika. Ng'ombe wameuzwa, pesa ya miwa imeisha. Juzi akaniletea karatasi: "Mwanangu, wewe husomasoma. Wanasema nina seli zinazoua watoto."

Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini kusoma sikuacha. Nikafuata hilo jina hadi lilikotoka.

Mwaka 1953, mwanasayansi wa Uingereza, Peter Medawar, aliuliza swali tamu. Mwili wa mtu hukataa figo ya mwingine. Sasa nusu ya mtoto tumboni ni ya baba, yaani kwa mama ni kitu kigeni. Mbona kinga ya mama haimkatai? Tangu hapo, wengi wakaiona mimba kama vita kati ya mama na mtoto.

Mwaka 1975, Rolf Kiessling na wenzake kule Sweden walieleza seli za panya zinazoua seli za saratani ya damu bila kufundishwa kwanza. Wakaziita wauaji wa asili, kwa kifupi NK. Kisha watafiti wakakuta seli za jamii hiyo zimejaa kwenye mji wa mimba. Mimba ikiwa changa, ni kama asilimia 70 ya seli zote za kinga zilizo kwenye ukuta wake.

Unaona mtego? IVF ilikuwa imeshaanza: Louise Brown alizaliwa Uingereza 1978, na hapa Kenya, Dkt. Joshua Noreh akafanikisha watoto wa kwanza 2006. Kiinitete kinapokosa kushika tena na tena, watu hutafuta mkosaji. Na hapo kuna seli ambayo tayari inaitwa muuaji. Kesi ikaisha kabla ya ushahidi.

Lakini seli za NK za mji wa mimba si sawa na zile za damu. Kuua haziwezi sana. Kazi yake kubwa ni kusaidia mishipa ya damu ipanuke ili kondo lipate damu ya kutosha. Ndiyo maana kipimo cha damu ya mkononi hakikuambii kinachoendelea tumboni.

Ushahidi mwingine mzito umetoka hapa jirani, Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 2015, Dkt. Annettee Nakimuli, pamoja na Ashley Moffett wa Cambridge na wenzao, walichapisha utafiti kuhusu akina mama wa Uganda na ile presha ya ujauzito inayoweza kuleta kifafa cha mimba. Walipata jeni zinazowakinga akina mama, za aina waliyonayo Waafrika lakini si Wazungu. Jeni hizo huzipa seli za NK nguvu zaidi, hazizizimi. Ni kweli, huo ulikuwa utafiti wa presha, si wa kiinitete kukosa kushika. Lakini unatosha kututoa kwenye hadithi ya muuaji.

Sasa maoni yangu. Kuna watu wanauziwa dawa za kuzima hizi seli, na bei si mchezo. HFEA, mamlaka inayosimamia matibabu ya uzazi Uingereza, imeonya kwamba ushahidi wa matibabu hayo hautoshi. Mara nyingi shida huwa kwenye kromosomu za kiinitete chenyewe. Kwa hivyo kabla ya kulipa, uliza: kipimo kilitoka wapi, damu au mji wa mimba? Dawa hii imethibitishwa na utafiti gani? Kiinitete na mbegu za mume zimepimwa?

Nilimweleza Senje haya yote jioni, tukiwa jikoni. Akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hivyo si mimi niliyewaua?"

Si wewe, Senje. Hiyo kesi ilikuwa ya jina tu.