KALIKITI: BOKSI LILILOGEUKA NENO

Mpenzi msikilizaji, juma hili naomba tuziache kidogo habari za bei ya alizeti na vitunguu, tuzungumze juu ya nywele. Najua wapo akina baba ambao wamekwisha nyoosha mkono kutaka kuzima redio. Wavumilie. Na wao wamo katika habari hii, tena wengine wanazo picha za ujana wao ambazo hadi leo zimefichwa chini kabisa ya sanduku.

Lipo neno ambalo mtu wa Singida mwenye umri wangu au zaidi hahitaji kuelezwa. Neno lenyewe ni kalikiti. Litaje mbele ya mama wa miaka sitini na ushei, naye ataona mara moja kichwa chenye mawimbi madogo madogo, mafuta yanameremeta, na kola ya blauzi imelowa. Ataona pia beseni, ndoo za maji, na shoga yake amesimama nyuma yake ana kitana mkononi. Tumelitumia neno hilo kana kwamba tumelirithi kwa babu zetu. Kumbe kalikiti halikuanza kuwa jina la mtindo wa nywele. Lilikuwa jina la boksi.

Boksi hilo lilitoka Marekani, katika kampuni iliyoitwa Pro-Line. Mwenye kampuni alikuwa Comer Cottrell, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Mobile, Alabama, mwaka 1931. Aliianzisha mjini Los Angeles mwaka 1970, akiwa na mtaji wa dola 600 na taipureta ya kuazima. Katika miaka hiyo ya 1970 kulizuka kwao mtindo wa kukunja nywele kwa dawa, ukaitwa Jheri Curl kwa jina la mtaalamu wa nywele, Jheri Redding. Ulikuwa mtindo wa saluni, na bei yake ilifika dola 200 na zaidi. Mfagiaji wa ofisi au mpishi wa hoteli angezitoa wapi? Kuelekea mwaka 1980 Cottrell akazifunga dawa za namna ile ndani ya boksi moja, akatia na maelezo, akaliita Curly Kit, akaliuza kwa dola 8 hivi. Mtu akajifanyia mwenyewe jikoni kwake. Boksi likauzwa kama njugu, hata mwaka 1981 jarida la Forbes likaandika kwamba hakuna bidhaa moja iliyopata kulitikisa soko la vipodozi vya watu weusi kama ile. Chukua jina hilo, Curly Kit, ulitamke kwa ulimi wa Ipembe au Kiomboi, utapata kalikiti.

Hapo msikilizaji makini ataniuliza: nywele zetu si zimejipinda zenyewe tangu tumboni mwa mama? Mbona tena zikunjwe?

Swali zuri. Lugha yetu ina maneno mawili ya kuzieleza nywele, singa na kipilipili. (Kama hiyo singa ina undugu na Singida yetu, mimi nisiulizwe.) Kalikiti ilifanya kazi mara mbili. Kwanza ilikigeuza kipilipili kuwa singa, kisha ikaikunja ile singa upya kwa unene wa kijiti. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi zake za ndani zimefungamanishwa kwa viungo vya salfa, kama vile fito za nyumba ya tembe zilivyofungwa kwa kamba. Dawa ya kwanza, ile yenye harufu kali ya amonia, hukata kamba. Nywele zikilegea huviringishwa kwenye vijiti vya plastiki. Dawa ya pili huzifunga kamba upya, lakini safari hii kwa umbo la kijiti. Baada ya hapo ni mafuta na maji ya kupuliza kila siku, la sivyo kichwa kinakauka kama majani ya kiangazi.

Ufundi huo wa kukata na kufunga upya hatukuuanza sisi, wala hakuuanza Cottrell. Waliuanza watu wenye singa za kuzaliwa, ambao walichoka nazo. Mwaka 1872 kinyozi mmoja wa Paris, Marcel Grateau, alianza kutia mawimbi katika nywele za wanawake kwa koleo la moto. Mawimbi yakadumu mpaka nywele zilipooshwa. Ndipo akaja Mjerumani, Karl Nessler, aliyekuwa akifanya kazi London, akatafuta mawimbi ya kudumu. Aliyejaribiwa alikuwa mkewe, Katharina. Majaribio mawili ya kwanza yaliziunguza nywele za mama yule na kumchoma ngozi ya kichwa. Kati ya mwaka 1905 na 1906 Nessler akaonyesha ufundi wake hadharani: mwanamke anakaa kiasi cha saa sita, kichwani amening'inizwa vyuma vya moto ambavyo ilibidi vishikiliwe kwa mitambo ya juu ili uzito usimvunje shingo. Miaka hiyo hiyo Wajerumani wenzake walikuwa na boma lao pale Kilimatinde, wakitufundisha ustaarabu.

Mwaka 1938 Arnold Willatt wa Marekani akapata dawa isiyohitaji moto, na miaka ya 1940 boksi la kujikunjia nywele nyumbani, jina lake Toni, likaenea Marekani kiasi kwamba mwaka 1948 kampuni ya Gillette, ile ya nyembe, ililinunua kwa dola milioni 20. Kwa hiyo mama wa Kizungu mwenye singa alikuwa jikoni kwake akinuka amonia miaka thelathini na zaidi kabla mama wa Singida hajalijua boksi.

Nimeieleza habari hiyo kwa kirefu kwa makusudi. Hapa kwetu kalikiti ilipewa shutuma moja kubwa: kuiga Wazungu. Nasema shutuma hiyo haikupimwa. Boksi lilibuniwa na mtu mweusi kwa ajili ya watu weusi wasio na fedha ya saluni. Nani hapo alimwiga nani?

Lakini shutuma zilikuwa na mizizi yake. Mwezi Oktoba mwaka 1968, mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya Azimio la Arusha, Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969, sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana zilikuwa zipigwe vita Dar es Salaam. Magazetini ukawaka ubishi mkubwa. Wapo waliounga mkono, na wapo waliouliza kwa nini utamaduni wa taifa zima uwekwe juu ya mapaja na kichwa cha mwanamke, wakati mwanamume amevaa suti na tai na hakuna anayemgusa. Kwa maoni yangu swali hilo halijajibiwa mpaka leo.

Wigi unaweza kulivua ukamwona askari. Nywele zilizokunjwa kwa dawa huwezi kuzivua. Na kabla ya kalikiti njia ya nyumbani ilikuwa kuchoma: kitana cha chuma kinawekwa juu ya jiko la mkaa, nywele zinapakwa mafuta, kitana kinapita. Sikio likiguswa, alama inabaki. Tena mvua moja tu, au jasho la kutwanga, na kazi yote ya asubuhi imerudi kipilipili. Wengi walibaki na kusuka, na hakuna aibu yoyote katika twende kilioni iliyosukwa na mkono mwepesi.

Kalikiti isingeweza kufika Singida mapema, hata kama tungeitaka. Wakati Wamarekani wanagombea boksi lao, sisi tulikuwa tumetoka vitani na Idi Amin, fedha za kigeni hazipo, na kwenye maduka ya RTC foleni ilikuwa ya sabuni. Zipo nyumba zilizofua nguo kwa majani ya mpapai. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya wahujumu uchumi, na mtu aliyekutwa na katoni ya vipodozi isiyo na maelezo alikuwa na kesi ya kujibu. Mlango ulifunguka na bajeti ya Juni 1984, serikali iliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Mwaka uliofuata akaingia Mzee Mwinyi, na watu wakamwita Mzee Ruksa. Ruksa hiyo ilipanda malori na mabasi ya njia ya kati, ikateremka Singida ikiwa na mitumba, redio kaseti, na maboksi ya dawa za nywele. Maboksi yalikuwa ya kampuni nyingi. Yote tuliyaita kalikiti.

Ili kuelewa furaha iliyokuwapo, kumbuka kwamba msichana wa shule zetu hukua akiwa amenyolewa. Darasa la kwanza mpaka kidato cha nne kichwa ni cha mwalimu wa zamu. Siku amemaliza mtihani ndipo nywele zinakuwa zake. Mama yangu mdogo alimaliza shule akaziotesha karibu mwaka mzima, kwa kuwa vijiti havishiki nywele fupi, huku akidunduliza fedha ya kuuza mayai. Nilikuwa mtoto, na kazi yangu siku hiyo ilikuwa maji.

Niseme neno juu ya maji, maana huko kwenye maelezo ya boksi waliandika tu kwamba suuza vizuri. Waliandika kama watu wenye bomba. Suuza baada ya dawa ya kwanza, suuza tena, suuza baada ya dawa ya pili. Singida mvua zikikatika Mei hazirudi mpaka Novemba au Desemba. Mji wetu una maziwa mawili mlangoni, Singidani na Kindai, na yote mawili ni ya chumvi. Maji baridi yalikuwa ya kisimani, na ndoo ilikuwa na foleni. Kwa hiyo kichwa kimoja cha kalikiti kilikunywa maji ya kupikia ya siku nzima, na bibi yetu hakunyamaza. Ndiyo sababu kazi ilifanywa na wanawake wawili watatu kwa zamu, uani, juu ya mkeka: leo wewe, mwezi ujao mimi, boksi moja wakigawana vijiti. Asiyejua Kiingereza alisomewa maelezo na aliyefika sekondari. Mara nyingine boksi lilifika maelezo yamekwisha potea, wakakisia dakika.

Na kukisia kulikuwa na gharama. Dawa iliyokaa kupita kiasi, au iliyosuuzwa kwa maji haba, ilimwacha mtu na vidonda kichwani na nywele zinazokatika kwenye kitana kama nyasi. Wapo waliojifunga kanga kichwani miezi mingi bila kusema sababu. Lawama akatupiwa mwanamke: alitaka nini? Sijapata kumsikia mtu akimlaumu mfanyabiashara aliyeuza boksi bila karatasi ya maelezo.

Akina baba niliwaahidi zamu yao. Wanamuziki wa dansi, wachezaji mpira, madereva na utingo wa malori walikunja nywele bila haya, na kioo cha pembeni cha lori kilifanya kazi nyingi zaidi ya kuangalia nyuma. Walipakaa mafuta mpaka kiti cha basi kikawa na ramani. Mito ilivalishwa nailoni. Wamarekani wenyewe waliicheka hali hiyo katika filamu ya Eddie Murphy ya mwaka 1988, inayohusu mwana wa mfalme wa Kiafrika, ambamo familia nzima inaacha madoa ya mafuta kwenye kochi. Sisi tulicheka na kujipapasa kisogo.

Miaka ya 1990 ikaja dawa ya kunyoosha moja kwa moja, halafu rasta na nywele za bandia, na kalikiti ikarudi nyuma taratibu. Cottrell aliuza kampuni yake kwa Alberto-Culver mwaka 2000, akafariki mwaka 2014. Mwezi Oktoba 2022 watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka kumi na moja. Waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka walikadiriwa kuwa na uwezekano wa asilimia 4.05 wa kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70, dhidi ya asilimia 1.64 kwa wasiotumia kabisa. Kwa dawa za kukunja hawakuuona uhusiano huo. Sisemi hivyo ili mtu akimbilie kukunja, kwa sababu amonia haijaacha kuwa amonia, na vidonda nilivyovisema havikuwa vya hadithi.

Siku hizi binti wenye nywele za asili wanavinunua tena vile vijiti, wanaziviringisha nywele mbichi kwa maji na mafuta kidogo, wanalala nazo, asubuhi wanazifungua. Mawimbi yanakaa siku kadhaa na hakuna kilichokatwa ndani ya unywele. Kwa yule atakayepata dawa ya kukunja na kutaka kuijaribu uani kwake, asiipake juu ya nywele zilizonyooshwa kwa dawa ya magadi makali ambayo kitaalamu ni sodiamu haidroksaidi. Dawa hizo mbili hazipatani na nywele zitakatika. Ajaribu kwanza tone dogo nyuma ya sikio, angoje siku nzima. Na maji ayateke kabla hajafungua boksi.

Juma lijalo, tukijaaliwa, tutarudi kwenye vitunguu.