Nyigu na Koti la Ngozi

Muulize mtu yeyote kwa nini alinunua pikipiki hii na si ile, atakutajia bei, ulaji wa mafuta na upatikanaji wa spea. Msomaji wangu, usimwamini sana. Si kwamba bei haina maana, la hasha, hasa kwa sisi tunaohesabu nauli kila asubuhi. Lakini mara nyingi bei huitwa baadaye, kama shahidi, kuja kutetea jambo ambalo moyo ulikwisha kulipitisha zamani. Mimi nasadiki kwamba mtu huchagua kwanza watu anaotaka kuketi nao, kisha ndipo hutafuta mashine ya kumfikisha kwao.

Kama ipo historia inayolionyesha jambo hili peupe, ni ile ya vijana wa Uingereza waliojigawa mapande mawili kwa sababu ya magurudumu. Kundi moja likaitwa Rockers, jingine Mods. Hapa nitawaita Maroka na Mamodi, ili ulimi usiteguke.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Vita Vikuu vya Pili viliisha mwaka 1945, lakini Waingereza waliendelea kupimiwa chakula kwa kadi mpaka mwaka 1954. Mtoto wa mfanyakazi aliacha shule akiwa na miaka 15 na kwenda zake kiwandani, gereji au dukani. Akifika miaka 18, jeshi lilikuwa linamngoja kwa lazima. Halafu ghafla mambo yakalegea. Kazi zikawa nyingi. Mwaka 1958 serikali ikaachia masharti ya kukopeshana, kijana akaweza kuchukua kitu dukani kwa malipo ya kwanza kidogo na kumalizia kila mwezi. Mwaka 1960 majina ya mwisho ya jeshi la lazima yakaitwa, basi. Kwa mara ya kwanza walipatikana vijana wa kawaida wenye noti mfukoni na miaka miwili mitatu ambayo haikuwa mali ya mtu mwingine.

Tena pikipiki zenyewe zilikuwa zimebadilika maana. Zamani zilikuwa usafiri wa familia: baba usukanini, mama na mtoto kwenye kile kigari cha ubavuni. Lakini mwaka 1959 ilitoka motokaa ndogo iliyoitwa Mini, na wenye familia wakaanza kuhamia kwenye paa na vioo. Pikipiki ikabaki kwa vijana, nao wakaifanya yao hasa.

Kijiwe chao kikuu kilikuwa Ace Cafe. Naandika kijiwe kwa sababu hakuna neno lingine linalofaa. Ulikuwa mgahawa wa madereva wa malori, pembeni mwa barabara ya North Circular, kaskazini-magharibi ya London. Ulifunguliwa mwaka 1938, ukaharibiwa na mabomu ya Wajerumani mwaka 1940, ukajengwa upya mwaka 1949. Ulikuwa wazi usiku na mchana. Kijana ambaye nyumbani alikuwa na chumba kimoja na wadogo zake watatu aliweza kukaa pale mpaka alfajiri na kikombe kimoja cha chai, santuri zikilia kwenye lile sanduku la kutumbukiza sarafu. Redio ya serikali ilikuwa inabania sana muziki wa rock'n'roll. Pale uliupata bila kuomba.

Roka hakununua pikipiki na kuipanda kama ilivyotoka kiwandani, hiyo ilikuwa aibu. Aliifungua. Walikuwepo waliochukua injini ya Triumph na kuifunga kwenye chesesi ya Norton, kwa kuwa Triumph ilisifika kwa moto na Norton ilisifika kwa kutulia kwenye kona. Chotara huyo wakamwita Triton. Hakuna kiwanda kilichomzaa. Alizaliwa ua wa nyuma, mikono ikiwa na grisi mpaka viwiko. Usukani uliwekwa mfupi na chini ili mpandaji alaze kifua juu ya tenki. Shabaha ilikuwa kuivuka maili 100 kwa saa, yaani kama kilometa 160. Mwaka 1959 Triumph wenyewe walileta Bonneville, sisi 650, kabureta mbili, na barabara nyingi za nje ya miji hazikuwa na kikomo cha mwendo. Wengi walikufa, tusifichane. Helmeti ilikuja kuwa sheria mwaka 1973 tu, na kabla ya hapo kuivaa au kutoivaa ilikuwa hiari yako.

Sasa jiulize: kijana anayeshinda kutwa akibonyeza mashine ya tajiri, ambayo hairuhusiwi kwenda kasi kuliko anavyotaka msimamizi, anatafuta nini usiku kwenye mashine aliyoiunda mwenyewe? Mimi sioni ugumu wa kumwelewa. Koti la ngozi na buti havikuwa urembo kwanza, vilikuwa kinga ya baridi na lami. Urembo ulifuata. Roka alifika akiwa mchafu, na uchafu huo ulikuwa ushahidi kwamba njia aliipita kweli.

Upande wa pili wakaja na nyigu.

Nyigu ndiyo maana ya neno vespa kwa Kitaliano. Kiwanda cha Piaggio, kule Pontedera, kilikuwa kinatengeneza ndege, na vita vikakibomoa. Mwaka 1946 kikatoa chombo cha bei nafuu kwa ajili ya nchi iliyovunjika barabara na mifuko. Mchoraji wake, Corradino D'Ascanio, alikuwa fundi wa ndege ambaye hakuzipenda pikipiki hata kidogo. Aliziona chafu, za usumbufu, na tairi zake ni kazi kubadilisha. Basi akatengeneza pikipiki ya mtu asiyependa pikipiki: injini imefunikwa, mbele kuna ngao ya miguu, katikati ni wazi kiasi kwamba huhitaji kurusha mguu juu, na gurudumu la mbele limeshikwa upande mmoja tu kama la ndege. Mwaka uliofuata Innocenti wa Milan wakatoa mshindani wake, Lambretta.

Mamodi wa London walizipokea kwa mikono miwili. Nao walikuwa watoto wa wafanyakazi vilevile, ila wengi wao walipenda zaidi kazi za ofisini na madukani, na fedha zao zilikwenda kwa fundi cherehani. Suti ya mtindo wa Kitaliano, suruali nyembamba, shati la kola iliyonyooka. Wakipiga pamba, wamepiga kweli. Walisikiliza muziki wa Wamarekani weusi na ule wa Wajamaika waliohamia London, wakacheza katika klabu za Soho mpaka kunakucha, wengine wakimeza vidonge vya kufukuza usingizi. Mtu wa namna hiyo utampandisha Triton? Oili imrukie suruali? Skuta ilimfikisha akiwa safi. Juu ya suti alivaa lile koti kubwa la jeshi la Marekani, si kwa ushujaa, ni kwa mvua. Halafu akafunga vioo vya pembeni kumi, taa nane, akatanua mjini. Roka aliipenda njia. Modi aliipenda milango ya mwisho wa njia.

Hapa nimkumbuke mjomba wangu wa Unguja, maana ndiye aliyenifumbua macho kabla sijasoma habari za Waingereza hawa. Mjomba alikuwa karani na alikuwa na Vespa ya kijivu, iliyochubuka ngao. Kila Ijumaa aliipanda na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kofia ya mkono kichwani, na alishuka msikitini bila doa wala kunyanyua kanzu mpaka magotini. Hebu jaribu kupanda pikipiki yenye tenki katikati ukiwa na kanzu, utaona mwenyewe. Kwa hiyo nilidhani sababu ni hiyo, nikatosheka. Siku moja shemeji yake aliyekuja kutoka Maskati alitaka kumnunulia Honda mpya, zawadi, bila malipo. Mjomba akashukuru sana, akakataa. Tulipobaki wawili nikamwuliza, "Mjomba, mbona umekataa mashine mpya?" Akanijibu, "Mwanangu, nitaiegesha wapi?"

Nafasi ilikuwa tele. Alikuwa anazungumzia baraza lao, ambapo baada ya alasiri Vespa tano zilipangwa ubavu kwa ubavu ukutani, na wenye nazo wakinywa kahawa na kubishana juu ya plagi na bei ya karafuu. Honda isingekuwa na mahali katika safu ile.

Tuwarudie Waingereza. Pasaka ya mwaka 1964 ilikuwa ya baridi. Vijana walikwenda Clacton, mji mdogo wa ufukweni, mashariki ya nchi, wakakuta mvua na maduka yaliyofungwa. Palitokea kusukumana, viti vikarushwa, vioo vikavunjwa, wengine wakapita huku na huko na vyombo vyao. Magazeti ya siku iliyofuata yakaandika kama kwamba mji umetekwa. Mwezi Mei yakatokea tena Margate na Brighton, Agosti yakawa Hastings, na safari hizi vijana walikwenda huku wakijua kwamba kamera zinawangoja.

Mtaalamu wa elimu ya jamii, Stanley Cohen, aliyafuatilia mambo haya na kuyatolea kitabu mwaka 1972. Alionyesha kwamba hasara yote ya Clacton ilifika paundi 513. Alionyesha pia kwamba wengi waliokuwa kwenye misongamano ile hawakuwa na pikipiki wala skuta. Walikuja kwa treni, kwa basi, au kwa kuomba lifti. Na ipo habari ya kijana mmoja aliyepigwa faini ya paundi 75 huko Margate, akasema kwa kiburi kwamba atalipa kwa hundi. Magazeti yalilishika neno hilo miaka na miaka: mnaona vijana wa siku hizi walivyonona kwa fedha! Ukweli ni kwamba kijana yule hakuwa na akaunti ya benki. Hundi hajawahi kuiandika. Alikuwa amesimama mbele ya hakimu, mikono mitupu, akasema alichoweza kusema ili asionekane mdogo.

Mimi kijana huyo ananiumiza. Nataka siku moja kuandika riwaya, na nikisoma magazeti ya aina ile naona jinsi yanavyoua wahusika. Yanachukua watu elfu wenye sababu elfu na kuwapa jina moja. Hata kwetu tumeyaona. Ajali moja ikitokea, kesho unasikia "bodaboda hawana akili", kama kwamba wote wamezaliwa na mama mmoja. Jirani yangu anaendesha Boxer. Nilipomhoji alianza na spea, kama kawaida yao, mpaka tulipofika kwenye kikombe cha pili cha chai ndipo akaniambia kwamba kijiwe kile kilichanga fedha za mazishi ya baba yake siku ambayo ndugu wa damu walikuwa hawapokei simu. Wakati huo yeye alikuwa abiria wao tu. Akauza cherehani yake, akaungana nao.

Yupo mtu mmoja wa zamani aliyelielewa jambo hili kabla ya ghasia zile zote. Padri Bill Shergold alikuwa kasisi wa Kianglikana Hackney Wick, mashariki ya London, mtaa wa watu wa kipato kidogo, na alikuwa mwendesha pikipiki mwenyewe. Msaidizi wake, John Oates, alikuwa ameanzisha pale klabu ya vijana mwaka 1959, ikaitwa 59 Club. Mwaka 1962 Shergold alipanda pikipiki yake akaenda Ace Cafe kuwaalika Maroka waje kanisani. Alikwenda kwa hofu, akidhani watamtupa kwenye mfereji wa maji. Hawakumtupa. Wakamzunguka, wakamuuliza maswali, na walipokuja waliziingiza pikipiki zao mpaka ndani ya kanisa zikaombewe. Baadaye klabu ikahamia Paddington na kuwa miongoni mwa klabu kubwa kabisa za pikipiki. Sidhani kwamba wote walitubu, wala sijali sana. Ninachokiona ni kwamba aliwapatia mahali pa kuegesha.

Mwisho wa enzi ile haukuletwa na polisi. Mamodi walikua, wakabadili mitindo, na Lambretta zikaacha kutengenezwa Italia mwanzoni mwa miaka ya 70. Maroka walioa, wakauza mashine, wakanunua motokaa. Mwaka 1969 Honda wa Japani walileta CB750, yenye silinda nne, isiyovuja oili na inayowaka kwa kubonyeza kitufe, na viwanda vya Kiingereza havikupata tena pumzi. Kile cha Triumph pale Meriden kilifungwa mwaka 1983. Mwaka huo huo wa 1969 Ace Cafe nayo ikafungwa, na jengo likaja kuwa duka la tairi.

Mwaka 1994 ikapigwa mbiu kwamba wale wa zamani wakutane. Walikuja kwa maelfu, wengine na mvi na vitambi, makoti ya ngozi hayafungi tena vifungo. Mgahawa ulikuwa bado haujafunguliwa upya, hilo lilikuja kukamilika mwaka 2001. Chai haikuwepo, wala santuri. Walizipanga pikipiki zao mbele ya duka la tairi, ubavu kwa ubavu, wakasimama pale wakizungumza.