Kamera Mbili za Nchi ya Chai

Kibarua aliyeingia katika mashamba ya chai ya Kericho, nchini Kenya, miaka ya 1920 alitembea na habari zake shingoni. Kipande, kilicholetwa na sheria ya mwaka 1915 na kuanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kilihifadhiwa ndani ya kikopo cha chuma na kufungwa kwa kamba. Humo mliandikwa jina, kabila, mwajiri na mshahara, na mlipigwa alama za vidole. Uso haukuwamo. Serikali iliweza kumtambua mtu kwa mistari ya kidole chake bila kumtazama machoni.

Si kwamba hakukuwa na picha za watu wa nchi hiyo. Zilikuwapo, ila wao wenyewe hawakuwa nazo. Kamera ilikuwa mali ya ofisa wa wilaya, mmisionari au meneja wa shamba, na picha ilipokwisha kuoshwa ilisafiri kwenda nyumbani kwa wenye kamera.

Historia ya upigaji picha kuanzia Kabianga, upande wa Belgut, hadi Litein, Sotik na Bomet inaweza kusimuliwa kwa kufuata kamera mbili. Moja ni kubwa: huwataka watu wajipange mbele yake. Nyingine ni ndogo: hutiwa mfukoni na kuwafuata watu waliko. Siku hizi warithi wa kamera hizo ni kamera isiyo na kioo cha ndani (mirrorless), ambayo haikosi katika harusi yoyote ya maana, na ile kamera nyembamba ya mfukoni ambayo simu karibu imeitoa sokoni. Wapiga picha hubishana ipi bora, na wengi huishia kwenye hesabu ya megapikseli. Lakini katika nchi ya chai swali zito zaidi ni hili: kamera gani ilimfikia nani, na picha ilibaki kwa nani?

Kamera kubwa ilifika pamoja na mipango mikubwa. Baada ya vita, wanajeshi walemavu wa Uingereza waligawiwa ardhi ya Kericho ili walime kitani. Mradi huo ulianguka, na katikati ya miaka ya 1920 kampuni za chai zikaingia, zikiongozwa na Brooke Bond na James Finlay. Mwaka 1925 serikali ilifungua shule Kabianga, ambayo leo ni Shule ya Upili ya Kabianga. Shamba, shule, kanisa: kila kimoja kilikuwa na sababu ya kupigwa picha, na picha za aina hiyo zinafanana kote katika Afrika Mashariki. Wanafunzi wamepangwa kwa kimo. Mwalimu yuko katikati, ameketi. Wachumaji wamesimama katikati ya michai inayowafika kiunoni, vikapu mgongoni, vilima vya kijani nyuma yao. Kamera za mabamba ya kioo zilihitaji stendi ya miguu mitatu na utulivu, kwa hiyo aliyepigwa picha aliamriwa asitikisike. Jina lake halikuandikwa.

Nyingi kati ya picha hizo zimetunzwa vizuri. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza ilianza mwaka 2011 kuweka kwenye intaneti maelfu ya picha za iliyokuwa Wizara ya Makoloni, zikiwamo za Kenya. Mtafiti aliyeko popote duniani anaweza kuzifungua. Jambo hilo ni la kukumbukwa, maana picha za kamera ndogo hazikupata bahati kama hiyo.

Kamera ndogo nayo ina nasaba ndefu. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ilitoa Brownie, kisanduku cha kadibodi kilichouzwa kwa dola moja ya Marekani, na watu wasio na ufundi wowote wakaanza kupiga picha. Mwaka 1925, mwaka uleule wa shule ya Kabianga, Leica ilianza kuuzwa Ujerumani. Ilitumia filamu ya milimita 35 iliyotengenezwa kwa ajili ya sinema, na iliingia kwenye mfuko wa koti. Minox ya mwaka 1938, iliyobuniwa mjini Riga, ilikuwa ndogo kiasi cha kufichwa kiganjani, na majasusi waliipenda. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyokuwa na kioo cha ndani. Kioo kinachoinuka na kushuka kila picha inapopigwa ni alama ya kundi jingine la kamera, lile lililotawala kazi ya kulipwa kuanzia miaka ya 1960. Kwa hiyo anayeisifu kamera isiyo na kioo kwamba ni uvumbuzi wa juzi anasahau nusu ya historia. Kipya ni skrini iliyochukua nafasi ya kioo.

Katika miji ya Kenya, studio zilikuja na uchumi wa fedha taslimu, na nyingi za mwanzo zilikuwa za familia za Kihindi, kama ile ya Parekh kule Mombasa. Bara na pwani desturi ilikuwa moja: pazia, kiti, taa mbili, na saa au redio ya kushika mkononi. Wapiga picha wa Likoni walijulikana kwa mapazia yaliyochorwa meli na ndege. Studio iliendeleza amri ya kamera kubwa, yaani simama hapa, inua kidevu, usitikisike, lakini ilibadilisha jambo moja kubwa. Aliyeamriwa sasa alikuwa mteja. Alilipa, akachagua pozi, akaondoka na picha yake.

Upande wa Kericho, mabadiliko hayo yalisukumwa na chai ya wakulima wadogo. Mamlaka ya Ustawi wa Chai Kenya, KTDA, iliundwa mwaka 1964, na viwanda vyake kama vile Litein, Tegat, Momul na Toror vikawa vinapokea majani kutoka kwenye vishamba vya familia. Malipo ya kila mwezi yalitosha sukari na karo. Bonasi ya mwisho wa mwaka wa chai ndiyo iliyonunua mabati, ng'ombe wa gredi, na picha ya familia ya kutundika ukutani. Anayetaka kuelewa kalenda ya mpiga picha wa nchi hii aanze na bonasi, kisha aongeze Krismasi na likizo za shule.

Serikali nayo iliongeza wateja. Mwaka 1978 sheria ya kuandikisha watu ilirekebishwa ili wanawake nao wapate vitambulisho, ambavyo kabla ya hapo vilikuwa vya wanaume. Fomu za shule, za basari na za kazi zikadai picha za pasipoti. Uso uliokosekana kwenye kipande sasa ulitakiwa kila ofisi, kwa nakala mbili au nne, na studio iliyo karibu na kituo cha matatu ilipata riziki ya kila siku kutokana na takwa hilo.

Hata hivyo studio haikuweza kwenda kila mahali. Kilichokwenda ni mpiga picha wa kutembea, mwenye Yashica, Pentax au Zenit shingoni, filamu ya picha 36 ndani yake, na daftari la majina mfukoni. Alifika kwenye koito, sherehe ya uchumba ya Wakipsigis, wakati wazee wanavikwa sinendet, mmea wa heshima, na mursik, maziwa ya mgando, inamiminwa kutoka kwenye kibuyu. Alifika kanisani na kwenye sherehe za vijana waliotoka jandoni mwezi Desemba. Alichukua malipo ya awali, akangoja filamu iishe, akaipeleka mjini kuoshwa, akarudi baada ya wiki akizunguka nyumba kwa nyumba na bahasha. Mteja alilazimika kumwamini. Ikiwa filamu imeingia mwanga au flashi haikuwaka, sherehe haikuweza kurudiwa.

Mvua ilikuwa adui mwingine. Kericho hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na unyevu huo huotesha kuvu ndani ya lenzi, nyuzi nyeupe zinazotambaa kwenye kioo mpaka picha iwe na ukungu. Kuvu hiyo hiyo hula negativu zilizowekwa kwenye maboksi.

Kisha kamera ndogo ikafika mikononi mwa watu wenyewe. Mwaka 2000 Canon ilitoa Digital IXUS ya megapikseli 2, na mwaka 2002 Casio ikatoa Exilim yenye unene wa milimita 11.3, karibu sawa na daftari jembamba. Kamera za aina hiyo ziliingia vijijini kwa njia ya jamaa: mtoto anayesoma Marekani, mwanariadha aliyerudi kutoka mashindanoni, shangazi aliyepandishwa cheo Nairobi. Hazikuhitaji filamu. Bibi aliyekuwa akihesabu picha kwa mwaka sasa alipigwa kumi jikoni, akageuziwa skrini na kuziona papo hapo. Ghafla picha zikaonyesha mambo ambayo studio haikuyajua: mama anakamua ng'ombe, mtoto analala juu ya gunia la majani mabichi kwenye kituo cha kununulia chai, wazee wanacheka bila kuangalia kamera.

Ubora wa picha hizo ulikuwa na mpaka, na sababu yake ni ya kipimo. Kihisi cha mwanga ndani ya kamera nyingi za mfukoni kina upana wa milimita 6 hivi na kimo cha milimita 4.6. Kihisi kikamilifu cha kamera isiyo na kioo kina milimita 36 kwa 24, eneo kubwa mara 30 hivi. Nje, jua likiwaka juu ya michai, tofauti inaweza isionekane kwenye picha ndogo iliyochapwa. Ndani ya nyumba yenye dirisha moja, au asubuhi ya ukungu, kihisi kidogo huokota mwanga haba na kuujaza chembechembe. Flashi yake ndogo huwaangaza walio mbele na kuwaacha walio nyuma gizani.

Kamera isiyo na kioo ya kidijitali yenye lenzi za kubadilisha na kujilenga yenyewe ilianza na Panasonic Lumix G1 mwaka 2008. Mwaka 2013 Sony ilitoa A7 yenye kihisi kikamilifu na uzito wa gramu 474, karibu nusu ya Canon 5D Mark III yenye kioo. Canon na Nikon zilifuata kwa kihisi kikamilifu mwaka 2018. Kwa bahati, 2013 ndio mwaka ambao Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichoanza mwaka 2007 kama kampasi ya Chuo Kikuu cha Moi, kilipata hati yake ya kujitegemea. Mahafali yalileta soko ambalo wapiga picha wa Belgut hawakuwa nalo: vijana wenye joho, wazazi waliosafiri na maua ya plastiki, na printa ndogo inayotoa picha palepale nyasini.

Kwa kazi hiyo kamera isiyo na kioo inastahili sifa. Mpiga picha huona kwenye kitazamio mwanga jinsi utakavyotoka, kwa hiyo nyuso nyeusi chini ya jua kali hazipotei kwa kukisia. Inaweza kupiga kimyakimya kanisani. Ila ina njaa ya betri: A7 ya kwanza ilikadiriwa picha 340 kwa chaji moja, na 5D Mark III picha 950. Mahali umeme unapokatika mvua ikinyesha, hilo si jambo dogo. Tena lenzi ikibadilishwa wakati wa kiangazi, vumbi la barabara ya murami hutua moja kwa moja kwenye kihisi, kwa kuwa hakuna kioo mbele yake. Kamera ya mfukoni, iliyofungwa pande zote, haina taabu hiyo.

Kuna kazi moja ambayo kamera kubwa haikuwahi kuifanya katika nchi ya chai. Februari 2023 BBC ilirusha uchunguzi uliofanywa Kericho katika mashamba yaliyokuwa yameendeshwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Uingereza, Unilever na James Finlay. Zaidi ya wanawake 70 walieleza kunyanyaswa kingono na wasimamizi wao. Mwanahabari aliyeingia kama mtafuta kazi alirekodi kwa kamera iliyofichwa. Bunge la Kenya liliagiza uchunguzi. Kwa karibu miaka 100, picha za vilima vya kijani na wachumaji wenye vikapu zilikuwa zimeuza chai ya nchi hii, na zilipigwa kwa ruhusa ya mwenye shamba. Kamera isiyoonekana ndiyo iliyoonyesha kilichokuwa kikiendelea nyuma ya picha hizo.

Soko limekwisha kutoa hukumu yake. Mwaka 2010 watengenezaji waliuza zaidi ya kamera milioni 120 za kidijitali duniani, nyingi zikiwa ndogo. Mwaka 2020 hazikufika milioni 9. Simu imerithi mfuko, na kamera isiyo na kioo imerithi sherehe. Anayeanza biashara Kabianga leo anunue isiyo na kioo, hata iliyotumika, aweke pembeni fedha za betri mbili za akiba na vifuko vya kukausha unyevu. Hilo halina ubishi.

Lakini picha zilizopigwa na kamera ndogo kati ya mwaka 2000 na 2015 ziko hatarini kuliko picha za kikoloni. Ziko kwenye memori kadi zilizosahaulika kabatini, kwenye kompyuta zilizokufa, kwenye albamu zilizoshikana kwa unyevu. Negativu za wapiga picha wa kutembea zina hali mbaya zaidi. Kamera isiyo na kioo yenye lenzi ya kupigia karibu inaweza kunakili negativu moja kwa sekunde chache, na Chuo Kikuu cha Kabianga kina maktaba na wanafunzi wanaotoka katika nyumba hizo hizo. Kazi hiyo ianze sasa, na kila familia yenye albamu iandike nyuma ya picha majina ya waliomo, wakati wanaowatambua bado wako hai.